Magoti na Wanyama wa Chooni

Mtaani kwetu kuna mama mmoja fundi rangi. Ukimtafuta kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Uliza Magoti. Hata mtoto anayetambaa atakuonyesha mlango, na huenda akakuonyesha kabla ya mtu mzima, maana watoto ndio wateja wake wakubwa.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki nilisimuliwa na mumewe, ambaye ni seremala na hajui kutunza siri.

Kwanza nieleze hilo jina. Kwa miaka ishirini mama huyu alikuwa akipaka mageti na kuchora mabango ya maduka. Sifa yake ilikuwa macho. Akichora kichwa cha mtu kwenye bango la kinyozi, kichwa kile kitakutazama ukija, kitakutazama ukipita, na ukigeuka nyuma utakikuta bado kinakutazama. Ng'ombe aliyemchora kwenye bango la bucha alikuwa na macho ya kulaumu, hata mwenye bucha akaja kumwomba ampunguzie huzuni kidogo, wateja wameanza kununua samaki.

Siku moja jirani mmoja alimwomba ampakie chumba cha mapacha wake. Magoti, kabla hajaitwa Magoti, alichora vipepeo sitini juu ya ukuta, kila mmoja na rangi yake. Alimaliza, akasubiri sifa. Mapacha waliingizwa, ndio kwanza wameanza kusimama, na hawakuwaangalia vipepeo hata mara moja. Walikwenda moja kwa moja kwenye tone la rangi ya kahawia lililomdondokea karibu na sakafu, kandokando ya mlango, akasahau kulifuta. Tone hilo walilipapasa, wakalilamba, wakagombana juu yake. Jioni mama yao alilazimika kuwabeba ili kuwatenganisha nalo.

Mwingine angesusa. Yeye alipiga magoti pale pale penye tone, akatazama juu, na vipepeo hakuwaona. Aliona uvungu wa meza, miguu ya viti, na upindo wa pazia. Alikaa hapo muda mrefu mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Nimekiona," alijibu.

Toka siku hiyo haingii chumba cha mtoto kwa miguu. Mumewe alimkatia vipande viwili vya sponji kutoka kwenye godoro kuukuu, akavitia kamba. Anavifunga magotini, anashika chaki, anaanza mlangoni mpaka dirishani, na kila jicho linapotua anaweka alama. Penye alama ndipo patakapochorwa. Watu walimcheka, kisha wakamwita kwa chumba kingine na kingine. Mumewe akiulizwa mkeo anatafuta nini huko chini, alikuwa akijibu, "Wahenga walishasema, cha mvunguni sharti uiname. Mimi nimeoa mtu aliyesikia."

Basi, mwaka huu ikajengwa shule ya chekechea nyuma ya soko, madarasa matatu, chumba cha kulala mchana, chumba cha kulia, ukumbi mwembamba na vyoo. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alimkabidhi Magoti jengo zima. Jengo zima, nasema. Magoti alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na hakuwahi kukabidhiwa zaidi ya chumba kimoja kwa mara moja. Siku alipopewa funguo alikuja kunionyesha, akazitikisa, akarudi kwake.

Alifanya kazi nzuri kweli. Chumba cha kulala alikipaka rangi ya moshi wa asubuhi, hakuchora kitu, akasema mtoto anayelala hahitaji mtu wa kuongea naye. Madirisha yalikuwa juu kidogo, kwa hiyo mumewe alitengeneza vibao vya kupandia, naye akapaka kizingiti rangi ya chungwa mahali hasa pa kuweka kidevu. Na chini kabisa ya ukuta wa ukumbi, kiganja kimoja kutoka sakafuni, alichora mstari wa sisimizi, mamia, kila mmoja amebeba punje, wanatoka madarasani wanakwenda hadi mlango wa chumba cha kulia. Saa ya chakula ikifika, walimu hawakuhitaji kuwapanga watoto. Watoto wenyewe waliwafuata sisimizi kwa kidole.

Vyoo alivihifadhi mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama pembeni ya sahani. Vilikuwa vitano, vidogo vya kukalia, kila kimoja na kichumba chake na kijimlango chake. Upande wa ndani wa kila mlango alichora uso wa mnyama, mkubwa, wa kujaza mlango mzima: twiga, tembo, kiboko, paka na bundi. Milango ilikuwa bado haijafungwa bawaba, kwa hiyo aliichorea karakanani kwa mumewe, imelazwa juu ya meza ya kuranda. Na humo aliyatia yale macho yake. Mumewe ananiambia alipokuwa akipita kuchukua misumari, bundi alikuwa akimfuata karakana nzima.

Shule ilifunguliwa. Wiki ya kwanza wazazi walisifu, watoto waliwafuata sisimizi, kila mtu alifurahi. Isipokuwa mtunza bustani.

Huyu alikuwa mzee mpole aliyepanda mawaridi kando ya ukuta wa nyuma, na mawaridi yale yalikuwa yanakauka. Jumatatu ya wiki ya pili alimfuata Mwalimu Mkuu ofisini, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sijui mambo ya rangi. Ila najua waridi haliishi kwa chumvi. Watoto wako wanakojoa kwenye maua yangu."

Mwalimu alikwishajua. Kamba ya nguo nyuma ya jiko ilikuwa imejaa vikaptula na visketi vilivyofuliwa. Watoto waliokuwa wakienda chooni vizuri majumbani kwao, hapa walifungua mlango, wakachungulia, wakafunga, wakarudi darasani wakibana miguu. Waliobahatika walifika kwenye mawaridi. Wasiobahatika walifika kwenye kamba ya nguo. Ukiwauliza sababu, walitazama viatu vyao.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu makini sana, anayetembea kama amebeba maji kichwani. Toka mwanzo hakupenda. Alisema shule si sarakasi, na shule aliyosoma yeye ilikuwa nyeupe juu na kahawia chini, na amesoma akaelimika. Kamati ingekaa Ijumaa saa tisa.

Mwalimu Mkuu alimwita Magoti, akamwambia bila kuzunguka.

"Mpaka Ijumaa, wawe wanaenda chooni. Wasipokwenda, mwenyekiti analeta ndoo za chokaa. Na akianza chooni, mama, hataishia chooni."

"Na sisimizi?"

"Na sisimizi."

Magoti alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi, hajafungua hata sponji za magotini. Nilimsogezea maji ya kunywa. Akaniambia, "Jirani, ningekuwa nimechora vibaya ningejua pa kushika. Lakini wale wanyama ndio kazi yangu bora kuliko zote."

Jumanne kila mtu alikuwa mtaalamu. Mpishi wa shule alisema ni sauti ya maji, yakivutwa yananguruma kama lori. Fundi bomba akayapunguza. Seremala akasema ni milango, mizito kwa mikono midogo. Akairanda kwa chini na kutia mafuta kwenye bawaba, ikawa inafunguka kwa kidole. Mwalimu mmoja kijana akasema labda harufu ya rangi mpya. Wakafungua madirisha siku nzima. Magoti mwenyewe alijifunga sponji, akaingia kwa magoti toka mlango mkubwa, akasukuma mlango baada ya mlango. Aliona vyoo visafi, sakafu kavu, na wanyama wake wakimtazama kwa upendo.

Jumatano kamba ya nguo ilikuwa imejaa vilevile.

Sasa, Magoti ana mjukuu wa kike wa miaka minne, anasoma hapo hapo. Kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu, wanataniana: Magoti humwita mke mwenzangu, na wote wawili humgombania seremala. Jumatano hiyo, saa nane mchana, alikwenda kumchukua. Mtoto alitembea njia nzima kwa hatua za haraka, fupi fupi, hataki hadithi, hataki kubebwa. Walipofika nyumbani alikimbilia chooni. Bibi akamfuata kumsaidia vifungo.

"Mke mwenzangu, na shuleni hukwenda toka asubuhi?"

"Sikwenda."

"Kwa nini?"

Mtoto alikwishakaa, amekunja uso. "Bibi, geuka."

"Nigeuke nini, mimi si ndiye niliyekuogesha toka una siku moja?"

"Geuka, Bibi. Haitoki ukiniangalia."

Magoti akageuka, akatazama taulo lililotundikwa ukutani. Nyuma yake mambo yakaenda kama kawaida. Alipokuwa bado anatazama taulo lile, ndipo akaacha kupumua kidogo. Alimfunga mtoto vifungo, akamkabidhi kwa babu yake, akaja ukutani kwangu kuuliza shule inafunguliwa saa ngapi asubuhi.

Alhamisi, kabla mtoto yeyote hajafika, alikuwa getini. Mtunza bustani alimfungulia. Aliingia chooni kwa miguu safari hii, akachagua kichumba cha bundi, akaingia, na akafanya jambo ambalo kwa miaka yote ya kutembea kwa magoti hakuwahi kulifanya: alifunga mlango nyuma yake, akakaa.

Sasa mfikirie. Yeye si mwembamba, na kile ni choo cha mtoto wa miaka mitatu. Magoti yalimfika kidevuni. Na mbele yake, umbali wa mkono mmoja, uso wa bundi umejaza dunia yote, macho mawili ya manjano makubwa kama sahani, yanamwangalia yeye peke yake. Akainama kushoto, yakamfuata. Akainama kulia, yakamfuata. Alifumba macho akahisi bado anatazamwa.

"Mimi mtu mzima mwenye wajukuu," aliniambia baadaye, "nimevaa nguo zangu zote, nikaona haya mbele ya ndege niliyemchora mwenyewe."

Alicheka peke yake mle ndani. Kisha akataka kuinuka, ikashindikana. Magoti yaliyompa jina yalikuwa yamebana mlangoni, na kiuno kimebana penginepo. Akaita. Mtunza bustani akaja mpaka nje ya kijimlango, akasimama kwa adabu.

"Mama, nikusaidie, au nijifanye sijasikia?"

"Nisaidie, mzee wangu. Lakini ukifungua, geuka."

Ilibidi afungue bawaba mbili kwa kisu cha kupogolea maua.

Mchana watoto walipoondoka, seremala alikuja na mkokoteni, akaing'oa milango yote mitano, akaipeleka karakanani. Yeye alikuwa na dawa rahisi.

"Mama watoto, hili ni jambo la nusu saa. Piga rangi moja juu yake, kijani, bluu, chochote. Hakuna mnyama, hakuna macho, yamekwisha."

"Nikipaka rangi moja, mwenyekiti ameshinda bila kuleta chokaa."

"Basi funga macho yao. Si wanasema macho hayana pazia? Wewe yape pazia."

Alisema kwa utani, huku anatafuta bisibisi. Lakini mkewe alikwishageuka kuichukua brashi. Nilikuwa hapo, nimekaa juu ya gunia la vumbi la mbao, na ninaweza kusema haikuwa rahisi kwake. Alichovya brashi, akaisogeza kwenye jicho la tembo, akairudisha. Yale macho ndiyo yaliyompa chakula miaka ishirini. Akasogeza tena. Safari hii hakuilaza milango mezani. Aliusimamisha mlango ukutani, akageuza ndoo mbele yake, na kila alipomaliza sehemu alimkalisha mjukuu juu ya ndoo.

"Mke mwenzangu, unaonaje?"

"Bado ananiona."

Tembo akavutwa masikio yake makubwa mbele, yakafunika uso kama mtu anayecheza kujificha. Mtoto akakaa, akapima, akasema, "Huyu sawa." Twiga akageuzwa shingo, ikapanda mpaka juu ya mlango na kuinamia upande wa pili, akabaki kisogo na pembe mbili, huyo anaangalia mambo ya nje. Paka akalala, mkia puani. Kiboko aligeuzwa mzima mzima, likabaki kalio la kijivu na kikia kidogo kama kamba ya kiatu, na mtoto alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo.

Bundi ndiye aliyesumbua. Alichorwa mgongo, manyoya yote, kazi ya saa nzima. Mtoto akakaa, akatikisa kichwa.

"Atageuka."

"Hageuki, nimemchora mgongo."

"Bundi anageuza kichwa. Mwalimu alitufundisha."

Seremala akasema huyo mwalimu anafundisha kupita kiasi. Magoti akajaribu kumfunika kwa bawa. Mtoto akasema atachungulia kwa chini. Akamweka jani, mtoto akasema jani litaanguka. Rangi ilikuwa inapungua na jua linasogea. Mwishowe bibi akaweka brashi chini.

"Haya, mke mwenzangu, nisaidie. Afanye nini asikuone?"

Mtoto akafikiri, kidole mdomoni. Kisha akasema, "Mpe gazeti."

"Gazeti?"

"Kama Babu. Babu akisoma gazeti haoni mtu. Hata ukimwita haoni."

Hakuna aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko mimi, isipokuwa Magoti. Seremala alijitetea kwamba huwa anasikia, ila anasubiri kumaliza ukurasa. Na bundi akapewa gazeti, kubwa, wazi, limemfunika uso na kifua. Vikabaki vishungi viwili vya masikio kwa juu na kucha sita zilizolishika pembeni.

Ijumaa asubuhi milango ilirudishwa, rangi imekauka. Magoti alikaa ukumbini kwenye kiti cha mtoto, karibu na sisimizi wake, mikono mapajani, nami niliyemsindikiza nimesimama kando yake. Walimu walijifanya wanapanga viti. Saa tatu hivi akatoka darasani mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, bingwa wa kamba ya nguo: yeye alikuwa akibadilishwa mara tatu kwa siku. Alisukuma mlango wa kiboko. Akachungulia. Wote tukajua mwendo wake, atafunga na kurudi.

Alifunga, lakini kwa ndani.

Mpishi alisimama na mwiko hewani. Kisha ikasikika ile sauti ndogo ambayo sijui kama kuna shule nyingine imewahi kuingoja kwa hamu hivyo, na baada yake maji. Mtoto akatoka, anavuta sketi.

"Kiboko hana habari na mimi," akamwambia Mwalimu Mkuu, akaenda zake.

Kufika saa nne kulikuwa na foleni. Kufika saa tano kulikuwa na tatizo jipya, kwamba walikuwa hawataki kutoka. Mmoja alikwenda mara tano, kila mara mlango tofauti, asije akapitwa. Mwalimu Mkuu alimwambia Magoti kwa ile sauti yake ya chini, "Hili tatizo nitalibeba."

Saa tisa kamati ikaja. Mwenyekiti alipita ukumbini bila kuangalia chini, akaingia chooni na wajumbe nyuma yake, akafungua mlango wa bundi akiwa amesimama wima.

"Ndege anasoma gazeti," alisema. "Hii ndiyo elimu?"

Magoti alikuwa nyuma yao. Alisema kwa upole, "Mwenyekiti, hapo ulipo ni juu sana. Huyo hakuchorwa atazamwe kwa kusimama. Funga mlango, ukae."

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti alitazama choo, akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi, akaona watu wanasubiri. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Alikaa humo muda. Seremala, aliyekuwa na bisibisi mfukoni, alikwishaanza kuhesabu bawaba. Mjumbe mmoja akakohoa. Mwishowe mlango ukafunguka, mwenyekiti akatoka, akakung'uta suruali, uso wake kama kawaida, labda umelegea kidogo kwenye mashavu.

"Hilo gazeti halijaandikwa kitu," alisema.

"Rangi iliniishia, Mwenyekiti."

"Gazeti tupu halisomwi. Ukalimalize." Akatoka kwenda mkutanoni. Ndoo za chokaa hazikutajwa, na katika kumbukumbu za kikao waliandika mstari mmoja tu kuhusu kuta: zibaki zilivyo.

Magoti alirudi Jumatatu na kopo dogo la rangi nyeusi. Alikuta mtunza bustani anamwagilia mawaridi, akamwomba amwonyeshe majani mapya, kama yapo. Yapo, mawili mekundu, machanga, kwenye kichaka cha pembeni. Akaingia chooni. Hakufunga mlango safari hii. Alikaa sakafuni, urefu uleule wa mtoto aliyekaa, akaandika kwa herufi kubwa juu ya gazeti la bundi. Watoto bado hawajui kusoma. Wakubwa wanaosimama hawaioni. Lakini ukikubali kukaa pale chini, habari kuu ni hii: MAWARIDI YAMEPONA.